Binti yangu anakwenda Harbin: watu wa kule wanaishije na baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri?

Swali: "Binti yangu amepata ufadhili wa kusoma uhandisi Harbin, China, anaondoka Septemba. Nimeambiwa baridi ya huko inafika nyuzi 30 chini ya sifuri. Sisi hapa Makambako mwezi wa saba tunavaa masweta mawili na bado tunatetemeka. Watu wa kule wanaishije? Au miili yao imeumbwa tofauti na yetu? Naogopa kumpeleka mtoto akafie baridi."

Shikamoo Mama, na hongera kwa binti. Mimi ni daktari, na masomo yangu ya uzamili niliyafanyia katika mji huo huo, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyajua kitabibu na kwa niliyoyaona mitaani kwao.

Nianze na swali la miili, maana mengine yote yanatokana na hilo. Miili yao haina tofauti kubwa na yetu. Mtu awe mzaliwa wa kaskazini ya China au Mbena wa Njombe, mwili wake una njia chache tu za kupambana na baridi: mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi inajibana ili joto libaki kifuani na tumboni, misuli inatetemeka ili izalishe joto, na kuna mafuta ya rangi ya kahawia ambayo mwili huyachoma kwa kazi hiyo hiyo. Ukiishi kwenye baridi wiki kadhaa, mwili unapunguza hofu. Nyuzi 5 za mwezi wa kumi zinawafanya watu wa Harbin wakunje mabega. Nyuzi 5 hizo hizo zikija mwezi wa nne wanafungua makoti na kusema leo kuna joto. Lakini mazoea yanaishia hapo. Mwenyeji wa Harbin akitoka bila koti usiku wa Januari ataganda, sawa na wewe na mimi.

Tena mchukue mwenyeji huyo umpeleke Shanghai mwezi wa kwanza, ambako wastani ni kama nyuzi 5 juu ya sifuri. Atatetemeka na kulalamika kuliko wenye mji wao. Atakuambia kwao hajawahi kulala na baridi namna ile, na anasema kweli. Nyumba nyingi za Shanghai hazina joto linaloletwa na mji, na hewa yao ina unyevu. Harbin mtu huyo alikuwa analala kwenye chumba chenye nyuzi 22 au 24, amevaa fulana. Mama, usiku wa Julai chumbani mwako hapo Makambako kuna baridi kuliko atakayoikuta binti yako kitandani mwake Harbin mwezi wa kwanza. Watu wa Harbin waliupanga mji wao wote ili mtu asikae ndani ya baridi muda mrefu, na hiyo ndiyo siri yao. Mengine nitakayokueleza ni namna walivyoupanga.

Baridi yenyewe kwanza, kwa ufupi. Harbin ni makao makuu ya mkoa wa Heilongjiang, kaskazini-mashariki kabisa, kando ya mto Songhua. Kwa umbali kutoka ikweta inalingana karibu sawa na Milano na Venice za Italia, lakini Italia haina jirani kama Siberia. Majira ya baridi hewa nzito na kavu inajikusanya juu ya Siberia, kisha inamiminika kusini-mashariki kwa wiki na wiki. Ndiyo maana wastani wa Januari ni karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, na usiku mbaya unapita 30. Mvua zao nyingi huanguka katikati ya mwaka, majira yao ya jua kali, kwa hiyo theluji si nyingi kama watu wanavyodhani. Ila ikianguka haiyeyuki. Jua nalo linazama mapema. China nzima, mashariki hadi magharibi, inafuata saa ile ile, na Harbin iko mashariki mno, basi mwezi wa kumi na mbili giza linaanza kuingia saa kumi kasorobo jioni. Hilo la giza mwandae binti yako zaidi hata ya baridi, maana wageni wengi linawalemea moyo kabla hawajajua ni nini.

Sasa nyumba. Miaka ya 1950 serikali ya China iliamua kwamba miji iliyo kaskazini ya mto Huai na milima ya Qinling itapewa joto la pamoja, ya kusini haitapewa. Mpaka leo mstari huo unafuatwa. Harbin msimu wa kupasha nyumba joto unaanza tarehe 20 Oktoba na kuisha tarehe 20 Aprili, miezi sita kamili. Mitambo mikubwa inachemsha maji, maji yanapita kwenye mabomba chini ya mitaa, yanaingia majumbani na kuzunguka ndani ya vyuma vilivyofungwa ukutani chini ya madirisha, au kwenye mabomba yaliyolazwa chini ya sakafu katika nyumba mpya. Chumba hakipashwi kwa saa mbili tatu za jioni. Kinapashwa usiku na mchana, hata kuta zinashika joto. Familia hulipa kwa msimu, kufuatana na ukubwa wa nyumba, na malipo yale ni sehemu ya kawaida ya bajeti kama karo ya watoto. Bweni la chuo linaunganishwa na mfumo huo huo.

Siku ngumu, Mama, ni zile za kabla ya tarehe 20 Oktoba. Nje kumeshapoa, theluji ya kwanza pengine imeshaonekana, na vyuma vya ukutani bado ni baridi. Binti atafika Septemba kukiwa na jua zuri, adanganyike, halafu wiki mbili tatu za Oktoba zimkute na blanketi jembamba. Wenyeji wanazijua siku hizo na wanalala na soksi.

Kuna gharama ya joto hili ambayo haionekani kwenye risiti. Maji yale kwa sehemu kubwa yanachemshwa kwa makaa ya mawe. Mwaka 2013, mfumo ulipowashwa tarehe 20 Oktoba wakati wakulima wa pembezoni nao wanachoma mabua mashambani, moshi ulitanda hata mtu haoni upande wa pili wa barabara. Shule zilifungwa, ndege hazikuruka, na vumbi laini hewani lilifika mikrogramu 1,000 kwa kila mita ya ujazo, mara nyingi mno ya kinachovumilika kiafya. Tangu wakati huo wamejitahidi kupunguza mitambo midogo michafu na kukataza uchomaji wa mabua, lakini siku za moshi bado zipo. Binti awe na barakoa nzuri, na kama ana pumu, aseme mapema kwenye zahanati ya chuo.

Vijijini, ambako mabomba ya mji hayafiki, wana kitu kinaitwa kang, nami nakipenda kuliko mitambo yote. Ni kitanda kipana kilichojengwa kwa matofali au udongo, kinachukua karibu nusu ya chumba. Jiko la kupikia liko upande wa pili wa ukuta, na moshi wake haupandi moja kwa moja juu; unapitishwa kwanza kwenye njia zilizojengwa ndani ya kitanda, unakipasha chote, ndipo unatoka nje kwa dohani. Moto mmoja wa mabua ya mahindi unapika chakula cha jioni na kuwalaza watu kwenye joto mpaka alfajiri. Mchana ndipo wanapokaa, wanakula, wanashona na kupokea wageni, miguu imekunjwa juu ya mkeka. Upande ulio karibu na jiko, wenye joto zaidi, ni wa wazee na wageni. Angalia jambo moja hapo: moshi wote unatoka nje. Huku kwetu nyanda za juu watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango, na hewa ile inaua bila harufu. Naomba usifanye hivyo, na uwaambie majirani.

Joto likishapatikana, kazi inayobaki ni kulizuia lisitoroke. Harbin ulikua kuwa mji pale Warusi walipoanza kujenga reli ya mashariki ya China mwaka 1898, na majengo yao ya zamani kwenye barabara ya Zhongyang yana kuta nene ajabu. Madirisha yalikuwa ya tabaka mbili. Katikati waliweka unga wa mbao, na mianya wakaibandika vipande vya karatasi ikifika vuli. Siku hizi vioo viwili au vitatu vya kiwandani vinafanya kazi hiyo. Milango ndiyo itakayomshangaza binti. Duka au ukumbi wa chuo unaingia kwa milango miwili yenye kijichumba katikati, na mbele ya mlango wa kwanza linaning'inia pazia la pamba zito kama godoro jembamba. Unalisukuma kwa bega. Mara ya kwanza mtu anadhani duka limefungwa.

Mavazi ninayaeleza kwa kanuni moja: usitoke jasho. Hewa kavu iliyonaswa kati ya nguo ndiyo inayokutunza, na jasho likiilowesha, baridi inapita. Wenyeji wanavaa suruali ndefu ya ndani inayobana, juu yake ya sufu au ya pamba nene kwa siku kali, kisha suruali ya kawaida. Juu ni fulana ya mikono mirefu, sweta, halafu koti lililojazwa manyoya laini ya bata, refu mpaka chini ya magoti. Kofia lazima ifunike masikio. Viatu viwe na soli nene ya mpira na viwe vikubwa kwa namba moja, ili soksi nene iingie na vidole viweze kucheza. Kiatu kinachobana kinazuia damu, na vidole ndivyo vinavyoganda kwanza. Zamani wakulima walijaza viatu vya ngozi nyasi maalumu iitwayo wula, iliyopondwa mpaka ikalainika, na nyasi hiyo ilihesabiwa miongoni mwa hazina tatu za kaskazini-mashariki pamoja na jinseng na ngozi ya mnyama mdogo mwenye manyoya. Kwa maskini wa wakati ule ndiyo iliyookoa miguu.

Ugumu wa mavazi uko mlangoni. Nje ni nyuzi 25 chini ya sifuri, ndani ya ukumbi ni 24 juu. Mwanafunzi mgeni anakaa darasani na koti lake, anatota jasho, kisha anatoka. Wenyeji wakiingia tu wanavua koti na kofia, wanabaki na nguo nyepesi. Wana msemo kwamba majira ya kuchipua ujifunike, na vuli uache baridi ikuguse kidogo. Maana yake usikimbilie makoti mazito Oktoba, na usiyavue haraka Machi. Wazazi wao wanalisisitiza hilo la Machi kwa sauti ya juu, na kitabibu nakubaliana nao.

Yapo pia madogo ambayo hayamo kwenye vitabu. Simu inazimika, kwa sababu betri inapoteza nguvu kwenye baridi, na China karibu kila kitu kinalipwa kwa simu: simu ikizima, hata nauli ya teksi huna. Basi simu inakaa mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kuna vifuko vya unga wa chuma vinavyotoa joto vikikutana na hewa; vinabandikwa juu ya nguo au ndani ya kiatu, kamwe si kwenye ngozi, maana vinaunguza polepole bila mtu kuhisi. Barakoa inalowa kwa pumzi na kope zinapata sakitu. Nywele zilizooshwa zikauke kabisa kabla ya kutoka. Barabarani theluji iliyokanyagwa inageuka barafu, na watu wanatembea kwa hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, mikono nje ya mifuko. Hilo la mikono alizingatie: wengi wanaovunjika mkono au nyonga walikuwa wameificha mikono mfukoni.

Sasa nije kwenye ngozi yetu, na hapa nisikilize kwa makini. Nilisema miili haina tofauti kubwa, lakini tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika wanapata majeraha ya baridi vidoleni mara nyingi kuliko wenzao weupe waliokaa baridi ile ile. Inaelekea mishipa ya vidole vyetu inajibana zaidi na inachelewa kufunguka tena. Kwa hiyo binti asijipime kwa wenzake. Wao wakiweza kupiga picha bila glavu dakika tano, yeye asijaribu. Dalili ya hatari ni maumivu yanayogeuka ganzi. Ngozi nyeupe inapauka. Ya kwetu inaonekana ya kijivu, kama yenye majivu, na ukiigusa ni ngumu. Aingie ndani mara moja. Asisugue ngozi, hata kwa theluji, wala asiweke mkono juu ya chuma cha moto, kwa kuwa mkono wenye ganzi hauhisi kuungua. Atumbukize kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39 mpaka rangi na hisia zirudi, na kama malengelenge yanatokea, aende hospitali.

Jingine ni vitamini D. Majira ya baridi jua la Harbin liko chini sana angani, na miale inayoisaidia ngozi kutengeneza vitamini hiyo karibu haipo. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi, si pungufu, tena mtu amefunikwa hadi puani. Maumivu ya mifupa na uchovu unaodumu mwanafunzi wa kwetu anaweza kudhani ni upweke, kumbe mwili wake umepungukiwa vitamini hiyo. Apime damu mapema, ale samaki na mayai, na daktari akimwandikia vidonge asivipuuze. Hewa ya ndani nayo ni kavu mno kwa sababu ya ule joto wa mchana na usiku: midomo inapasuka, pua zinatoka damu. Watu wanaweka beseni la maji au kuanika taulo mbichi karibu na vyuma vya ukutani, na inasaidia. Mafuta ya mgando yana kazi kuliko losheni za maji maji.

Pombe utasikia inaleta joto. Haileti. Inafungua mishipa ya ngozi, mtu anahisi moto usoni huku joto la ndani linamtoka. Walevi waliolala nje ndio wanaookotwa wamekufa asubuhi, Harbin na kila mji wa baridi.

Chakula chao kimezaliwa na baridi hiyo. Vuli ikifika utaona marundo ya kabichi ndefu za Kichina na vitunguu virefu vya majani vikianikwa kwenye ngazi na vibaraza. Kabichi zinapangwa na chumvi ndani ya mitungi mikubwa, jiwe linawekwa juu, zinachachuka taratibu, na hiyo ndiyo mboga ya miezi yote ambayo ardhi imeganda. Inapikwa na nyama ya nguruwe na tambi za wanga kwenye chungu kimoja kinachochemka mezani. Kama binti hali nguruwe, migahawa ya Waislamu ipo mjini, na nyama yao ya kondoo ni nzuri. Maandazi madogo ya nyama wanayatengeneza kwa mamia na kuyagandisha nje kibarazani. Kuna peari zinazogandishwa mpaka zinakuwa nyeusi. Unaziloweka kwenye maji ya baridi, zinajitengenezea ganda la barafu nje huku ndani zinalainika, kisha unazitoboa na kunyonya. Barafu za kijiti zinauzwa Januari barabarani ndani ya maboksi ya karatasi, bila friji, na watu wanapanga foleni.

Usishangae, Mama, kwamba wengine wanaikimbia baridi yenyewe. Wastaafu wengi wa Harbin huondoka Oktoba kwenda kisiwa cha Hainan, kusini kabisa ambako minazi inaota, wanarudi Aprili. Wanaitwa ndege wahamaji. Kwa mzee mwenye shinikizo la damu naona ni uamuzi wa busara, kwa sababu baridi inabana mishipa na kiharusi huongezeka msimu huo. Vijana nao wameondoka kwa sababu ya ajira zaidi kuliko hali ya hewa: sensa ya 2010 ilihesabu watu milioni 38.3 Heilongjiang, ile ya 2020 ikahesabu milioni 31.85.

Waliobaki wameigeuza baridi kuwa kazi. Wavuvi wa zamani walijaza ndoo maji, wakasubiri pembeni pagande, wakamwaga maji ya katikati na kuweka mshumaa ndani, upepo hauuzimi. Mwaka 1963 mji ulianza maonyesho ya taa hizo kwenye bustani ya Zhaolin, na mwaka 1985 likaanza tamasha linalofunguliwa kila tarehe 5 Januari. Kila mwezi wa kumi na mbili wanaume wanashuka mtoni Songhua, wengi wao wakulima ambao mashamba yao yamelala, wanakata matofali ya barafu yanayojenga majumba na minara yenye taa ndani. Mto ule ukishaganda unabeba watu, sleji na farasi. Wazee wengine wanakata bwawa katikati ya barafu na kuogelea. Binti yako asithubutu hilo la kuogelea. Moyo usiozoea unaweza kusimama. Lakini mengine yote ayaone. Mwanafunzi anayejifungia bwenini miezi sita anaugua kuliko anayetoka kila siku mchana, akavaa vizuri, akatembea nusu saa kwenye mwanga.

Mzigo wake usiujaze masweta ya mitumba. Kwa baridi ya Harbin ni mazito bure. Mwekee mafuta ya mgando ya kutosha, nguo nyepesi za kuvaa ndani, soksi za sufu mkizipata, na dawa zake kama anazo. Koti, buti na glavu anunue huko huko mwanzoni mwa Oktoba, akisindikizwa na mwenyeji au mwanafunzi aliyekwisha kaa msimu mmoja, kwa sababu wanajua lipi lina manyoya na lipi lina matambara. Fedha ya koti mpe pembeni, iwe imetengwa kabisa na fedha ya matumizi, na mkubaliane kabla hajapanda ndege kwamba haitanunua simu.